Bweni Likifungwa, Mwanafunzi wa Kigeni Aende Wapi?

Machi 2020, korona ilipoenea, vyuo vingi vya Marekani viliwapa wanafunzi siku chache tu wahame mabwenini. Wenyeji walirudi kwao. Kijana wa Kisumu hakuwa na njia: Kenya ilisitisha safari za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi, zikarejea 1 Agosti.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la kipato. Mwenye F-1, viza ya Marekani ya mwanafunzi wa kigeni, kwa kawaida hufanya kazi chuoni tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Maktaba na kantini zilipofungwa, mshahara ulikatika, na nyumbani nako biashara ya mzazi ilikuwa imelala. Hata fedha za dharura zilizotengwa kwa wanafunzi mwaka huo, Wizara ya Elimu ya Marekani iliwazuilia wageni hadi kanuni ilipobadilishwa Mei 2021.

Sisi tunaowashauri wanafunzi hawa tunajua kwa nini wengi walinyamaza. Kijana aliyesafirishwa kwa harambee, ukoo mzima ukachanga, atasemaje kwamba analala njaa? Akipigiwa simu atajibu, "Niko salama, mama." Mzazi, usiishie kuuliza masomo yanaendeleaje. Uliza amekula nini leo, na kodi ya chumba imelipwa hadi lini.

Nawe mwanafunzi, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, kabla hujapunguza masomo na kabla hujakubali kibarua cha mjini cha kulipwa kichinichini. Yote mawili, bila idhini, yanaweza kukupotezea hadhi ya ukaazi. Na njia halali ipo: aliyemaliza mwaka mmodi wa masomo kwa viza hiyo, kisha akapatwa na shida ya fedha asiyoitarajia, kama kupoteza kazi ya chuoni au sarafu ya kwao kuporomoka, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Usianze kazi kabla kibali hakijafika mkononi.

Usiamue kwa tetesi za WhatsApp. Tarehe 6 Julai 2020 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni wanaosoma kwa mtandao pekee waondoke nchini au wahamie chuo chenye masomo ya darasani. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vikaenda mahakamani, na tarehe 14 amri ikafutwa. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuulizwa siku kama hizo.

Ukienda, beba barua ya kusimamishwa kazi, taarifa ya benki na ankara ya kodi ya chumba. Ombi la kibali hujengwa juu ya karatasi hizo.