"Simu imemuua Kiingereza" na mengine tunayoambiana kuhusu mitandao darasani

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alinisimamisha nikiwa na sato wangu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hii simu ndiyo imemfelisha mwanangu Kiingereza. 'You' anaandika herufi moja. Hata 'sasa' siku hizi ni 'xaxa'." Nilimwitikia marahaba nikaahidi tutaongea, maana jua lilikuwa kali na samaki hasubiri mjadala.

Malalamiko hayo nayasikia kila kikao cha wazazi, na walimu wenzangu wengi wanayaamini. Nchini Uingereza, Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry waliwachunguza watoto wa miaka 10 hadi 12. Katika matokeo waliyochapisha na mwenzao mwaka 2009, watoto waliotumia vifupisho vingi kwenye meseji walielekea kusoma maneno vizuri zaidi. Ukifikiri kidogo inaeleweka: huwezi kuandika "gr8" kama sauti ya "great" haimo kichwani mwako. Watoto wale, ni kweli, wanaishi ndani ya Kiingereza na wetu wanakutana nacho shuleni, kwa hiyo sisemi matokeo yale yahamie Nyamagana kama yalivyo. Lakini mtoto anayemwambia rafiki "mambo" na babu "shikamoo" hajaiharibu shikamoo, anajua tu anaongea na nani. Siku hizi nawapa meseji iliyojaa vifupisho waigeuze kuwa barua kwa mkuu wa shule. Anayeshindwa, mara nyingi nagundua kwamba "you are" hakuwahi kuijua tangu mwanzo. Hapo simu inasingiziwa.

Dhana ya pili niliibeba mwenyewe: kwamba ukifungua kikundi cha WhatsApp, darasa la mtandaoni limeanza. Nilikifungua kwa mkondo mzima wa kidato cha pili, watoto sabini, wengi kupitia simu za wazazi. Wiki haikuisha. Picha za maua za kutakiana asubuhi njema, sala za kufowadi, mabishano ya Simba na Yanga, na Kiingereza pekee kilichoonekana kilikuwa changu. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kikundi kimoja, lakini idadi wanayoenea na idadi wanayoweza kuzungumza ni vitu viwili tofauti.

Nilikivunja. Watoto sita sita, na kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza bila wenzake. Huyu akamuulize mjomba jinsi dagaa wanavyovuliwa usiku kwa taa, yule aulize wanavyoanikwa, mwingine aulize bei inapandaje na kushukaje. Kisha waulizane kwa Kiingereza mpaka wapate maelezo ya pamoja. Mtu huongea pale anapotaka kitu ambacho mwenzake anacho, hata lugha iwe inamkwaza.

Na ujumbe wa sauti, "voisi" kama wanavyoita, ndiyo mali yenyewe. Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa kwa watoto sabini, na mimi nikinyamaza kabisa, kila mmoja anapata kama sekunde 34 za kuongea. Kwenye simu anarekodi, anajisikiliza, anafuta, anarudia, anatuma ya tano. Sisi tuliolelewa kwa Kisukuma, "l" na "r" hugombana mdomoni, na mtoto aliyekuwa akisema ameoga kwenye "rake" alijicheka mwenyewe kabla sijamsahihisha. Vivyo hivyo na "my mother, he". Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa baba na mama, kwa hiyo kosa hilo linahitaji sikio lililozoea, na sikio huzoea kwa kurudia.

Wengine husema kuandika pamoja mtandaoni ni kufundisha kunakili. Kwenye daftari, hapo sawa, sijui nani alimnakili nani. Kwenye Google Docs, daftari la mtandaoni ambalo wengi huliandika kwa pamoja, kila badiliko linahifadhiwa pamoja na saa, na kila mtu akiingia kwa akaunti yake naona sentensi hii ni ya nani na nani alifungua ukurasa saa tatu usiku akaongeza nukta moja. Kuna pia namna ya kupendekeza: mwenzako anapendekeza sahihisho nawe unalikubali au unalikataa, na wakibishana pembeni kuhusu "has" na "have" mimi nakaa kimya kwa makusudi. Kasoro ipo. Mwenye Kiingereza kizuri hubeba kikundi kizima wengine wakisinzia. Kwa hiyo natoa alama kwa marekebisho ya kila mmoja, si kwa ukurasa tu.

"Lazima kila mtoto awe na simu janja." Hapana. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na nyumbani bando ni la kugombania. Simu moja ya mzazi kwa watoto wanne wa mtaa mmoja inatosha: wanaandaa kwenye karatasi, mmoja anachapa, wote wanarekodi.

Usalama nao una dhana yake, kwamba kikundi cha shule hakina mgeni. Ndani ya kikundi cha WhatsApp wanachama wote huona namba za wenzao, na mtu mmoja akiongezwa kimakosa ameshazipata zote. Namba ziwe za walezi, kwa ridhaa yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwalimu hajasamehewa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba bila Mzungu upande wa pili, mazoezi ni bure. Mzungu huyo anatafutwa mpaka Ulaya, wakati ng'ambo ya ziwa letu kuna majirani. Hata hapo chagua vizuri. Ukiwaunganisha na Kisumu, dakika ya pili wameshahamia Kiswahili na Kiingereza kimelala. Jinja, Uganda, ni tofauti: watoto wa kule kwa kawaida hawana Kiswahili, wetu hawana Kiluganda wala Kisoga, kwa hiyo Kiingereza kinabaki ndiyo njia pekee ya kuelewana. Tulianza na mwalimu mmoja wa huko, simu yangu na simu yake, voisi mbili kwa wiki. Mwanafunzi wangu akaeleza kazi ya dagaa. Jibu likaja kwamba hao si dagaa, ni mukene. Mwingine mwenye shangazi Kisumu akaingilia kwamba wote wamekosea, ni omena. Ni samaki yuleyule mdogo. Walibishana siku mbili, na hakuna aliyeomba ruhusa ya kutumia Kiswahili.