Kabla ya Kusema "Pelekeni Majeshi"

Kila vita vinapopamba moto mahali fulani, tunaulizwa: Umoja wa Mataifa unasubiri nini kutuma jeshi lake? Hauna jeshi. Askari wake hutolewa na nchi wanachama, na si lazima nchi yoyote ikubali kuwatoa.

Kuunga mkono uingiliaji ili raia waokolewe, au kuupinga kwa kuheshimu mamlaka ya nchi nyingine, ni msimamo wa kisiasa na ni haki ya kila raia. Lakini uhalali wa kuingilia kijeshi hauamuliwi na msimamo huo; huamuliwa na sheria ya kimataifa.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linaweza kuidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kati ya wanachama 15, zinahitajika kura 9 za ndiyo, na pasiwe na hapana kutoka kwa yeyote wa wale watano wa kudumu (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China); hapana yao ndiyo huitwa kura ya turufu. Kujizuia kupiga kura si kura ya turufu. Azimio namba 1973 la Baraza hilo, lililoidhinisha nguvu nchini Libya, Machi 2011, lilipita kwa kura 10 huku 5 wakijizuia, Urusi na China wakiwamo. "Wajibu wa kulinda", yaani kanuni ya kuwakinga raia dhidi ya ukatili mkubwa kama mauaji ya kimbari, uliokubaliwa na nchi wanachama mwaka 2005, nao hupitia Baraza hilohilo.

Kujihami kuna Ibara ya 51 ya Mkataba huohuo: nchi iwe imeshambuliwa kwa silaha, na iliarifu Baraza mara moja. Kumhofia jirani hakutoshi.

Njia nyingine ni ridhaa ya nchi yenyewe, na hapo ndipo penye kosa kubwa. Watu hudhani serikali ikishakaribisha majeshi ya nje, mlango umefunguliwa daima. Katika kesi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Desemba 2005 kwamba ridhaa ya Kongo kwa majeshi ya Uganda kuwa nchini mwake ilikuwa imekwisha ondolewa ifikapo 8 Agosti 1998, na kwamba kuiondoa hakukuhitaji utaratibu rasmi. Februari 2022 Uganda iliamriwa na Mahakama hiyo kuilipa Kongo fidia ya dola milioni 325.

Kwa hiyo serikali inaposema "tuliitwa", mbunge na mwandishi wa habari waulize: nani aliita, lini, kwa eneo lipi, na je, mwaliko huo bado upo leo?