Oili ikigeuka chai ya maziwa: ndani ya mguu wa mashine ya boti

Kipindi cha mwezi mpevu dagaa hawafuati taa. Mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, na sisi mafundi ndipo tunapovuna. Mwezi huu mkokoteni ulifika kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na mashine imelazwa juu ya magunia: Yamaha ya 15, ile ya kuchanganya oili na petroli. Nyuma yake tajiri, yaani mwenye boti mwenyewe, mfuko wa spea mkononi.

“Fundi, gia ya mbele inaruka. Boti tupu inakwenda vizuri. Tukipakia, nikivuta moto inalia ka-ka-ka halafu inaachia. Gia mpya hizi hapa, wewe funga tu.”

Hiyo “funga tu” ndiyo imenifanya niandike.

Mguu ni ile sehemu ya chini inayozama majini na kubeba pangaboi. Kabla ya kugusa nati nyingine yoyote, mimi huiacha mashine isimame wima usiku kucha, kisha asubuhi nafungua skrubu ya chini ya oili taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yanatangulia. Kwa tajiri huyu yalitoka maji meupe nusu kikombe, kisha oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Kwenye sumaku ya skrubu kulikuwa na vipande vya chuma vya kushikika kwa kucha. Unga laini kama masizi haunitishi, lakini kipande chenye kona kimetoka kwenye jino.

Maji yaliingia wapi? Nilitoa pangaboi, na nyuma yake nikakuta uzi wa timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, umejisokota kwenye shafti inayolizungusha hadi umekuwa mgumu kama pete ya plastiki. Huku ziwani hicho ndicho chanzo namba moja. Wenzetu wa Pwani wanapambana na chumvi inayogandisha bolti. Sisi maji yetu ni baridi, hayana chumvi; adui wetu ni uzi. Nyavu za timba zimepigwa marufuku ila vipande vyake bado vinaelea, na uzi ukishajisokota unaingia chini ya mdomo wa sili, pete ya mpira inayobana shafti ili oili isitoke, na kuukata. Oili inatoka, maji yanaingia. Mashine ikilala wiki nzima ya mbalamwezi na maji tumboni, beringi zinashika kutu kimyakimya.

Watu wengi hubadilisha sili wakaishia hapo. Pitisha ukucha kwenye shafti, pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu hata mwezi, maana mdomo wake hauna pa kubana. Shafti hii ilikuwa na mfereji. Nilimwonyesha tajiri, akaupapasa mwenyewe, akanyamaza. Na kabla ya kung'oa sili za zamani, tazama midomo yake imeelekea wapi. Piga picha kwa simu, usitegemee kichwa.

Sasa gia. Ndani mna pinioni ndogo yenye meno 13 inayozungushwa na shafti ndefu kutoka kwenye injini, na gia mbili kubwa, ya mbele na ya rivasi, kila moja meno 27. Hizi tatu zimeshikana muda wote. Hata ukiwa frii, gia kubwa zinazunguka, moja huku na nyingine kule, ila hazijaikamata shafti ya pangaboi. Kinachokamata ni klachi, kipande kinachoteleza katikati yao na kuingiza masikio yake kwenye gia moja. Masikio hayo yakiwa na kona kali, yanashika. Yakishaviringika kama sabuni iliyotumika, mzigo ukizidi yanateleza. Ndiyo ile ka-ka-ka.

Kinachoyaviringa ni mkono wa dereva. Wengi huingiza gia polepole wakidhani wanaihurumia mashine, kumbe masikio yanasagana kabla ya kuingia. Shusha moto kabisa, kisha ingiza kwa mkupuo mmoja.

Tajiri alinunua gia tatu. Klachi hakununua, wala sili, wala shafti. Ilibidi arudi mjini.

Wakati wa kurudishia, nati ya pinioni naweka mpya. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea niliirudisha ya zamani, ikalegea ikiwa kazini na kuangukia kwenye meno. Nililipa gia zile kwa mfuko wangu. Gia mpya zinataka pia kupimwa shimu, zile pete nyembamba zinazosogeza gia mbele au nyuma. Napaka rangi kidogo kwenye meno, nazungusha kwa mkono, naangalia zinagusana wapi. Rangi yenyewe ni lipstiki ya mke wangu, na ndiyo, anajua. Alama ikikaa katikati ya jino, naendelea.

Pampu ya maji iko juu ya mguu huohuo, basi impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji, nabadilisha palepale. Mchanga wa ufukweni huila haraka. Unaposhusha kifuniko chake, zungusha shafti upande wa mshale wa saa ili mabawa yalale inavyotakiwa.

Kisha jaribio ambalo mafundi wengi hulikwepa. Kabla ya oili, najaza upepo kwa pampu ya mkono kupitia tundu la oili, usizidi kilo moja, nauzamisha mguu kwenye pipa la maji na kuzungusha shafti. Siku hiyo vilitoka viputo vidogo kama vya soda, karibu na fimbo ya gia. Oringi, kipete cha mpira cha kuzibia, ilikuwa imejikunja. Nikafungua tena, tajiri anaangalia saa.

Oili ya gia, namba 90, inajazwa kwa tundu la chini hadi itoke juu bila mapovu. Ukimimina kwa juu, hewa inabaki ndani na utadhani umejaza. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe mrija na kuziba chini haraka. Wosha, zile pete za kuzibia chini ya skrubu, zote ziwe mpya.

Nilimwambia aniletee oili hiyo baada ya safari chache. Juzi nahodha wake alikuja nayo kwenye chupa ya maji ya kunywa. Niliimwaga kiganjani, nikaisugua kwa kidole: nyeusi kidogo, haina maji.