Riwaya ya darasani si lazima iwe "safi"

Wazazi wengi, hata walimu, huamini kwamba riwaya inayofaa kusomwa shuleni ni ile isiyotaja ngono, ulevi wala aibu za nyumbani. Kumbe kipimo hicho kingetunyima baadhi ya kazi bora kabisa za Kiswahili.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Mwanzoni ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Baadaye ikawa kitabu cha kufundishia. Maneno yake hayakubadilika, wasomaji ndio waliobadilika. Rosa, binti wa Ukerewe, analelewa kwa viboko na baba mlevi, Zakaria, anayemtwanga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akifika mbali na macho ya baba, hajui kusema hapana, na mwisho wake ni mchungu. Sasa hapo ufisadi unahubiriwa wapi? Mwandishi anauliza malezi ya kufungia hujenga nini, swali ambalo kidato cha tatu wanaliishi kila likizo.

Umri wa msomaji una uzito wake, ndiyo. Riwaya hii sitawapa wanafunzi wa darasa la tano. Ila anayechagua aulize kitabu kinasema nini kuhusu uovu, asihesabu umetajwa mara ngapi.