Wamisionari wa Kimormoni Wafikapo Mtaa Mpya: Yanayosemwa na Yaliyopo

Vijana wawili wenye mashati meupe, tai na beji nyeusi kifuani wanapoonekana kwa mara ya kwanza katika mtaa wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, habari zao hutangulia kabla wao hawajabisha hodi nyumba ya pili. Wapo wasemao ni majasusi wa Marekani, wapo wasemao wanatafutia watu viza, na hakosekani wa kuuliza wana wake wangapi. Jina rasmi la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, na tangu 2018 viongozi wake wamekuwa wakisisitiza jina hilo litumike badala ya lile la "Wamormoni". Hapa nitalitumia hili la pili kwa kuwa ndilo linalojulikana mitaani.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba vijana hawa wanalipwa. Hawalipwi mshahara. Kila mmoja, kwa kusaidiwa na familia yake au waumini wa kwao, huchangia gharama za utumishi wake, na wale wasio na uwezo hujaziwa na mfuko wa kanisa. Wanachopata kila mwezi ni posho ya chakula na nauli, na posho hiyo haina nafasi ya anasa. Niliwahi kukaa jirani na chumba chao, na ninachokikumbuka zaidi ni sauti ya mmoja wao, mgeni wa wiki moja tu, akibishana bei na muuza mkaa kwa Kiswahili cha kuokoteza huku mwenzake amesimama kando akicheka, kwa sababu yeye alikwisha kupigwa bei hiyo hiyo miezi miwili kabla na hakutaka kumnyima mgeni somo.

Wengine hudhani kwamba kijana huchagua nchi anayoitaka, kama mtu anayekwenda kutalii. Ukweli ni kwamba hutuma maombi yake, kisha mmoja wa Mitume Kumi na Wawili, viongozi wa juu wa kanisa hilo, humpangia misheni, yaani eneo la utumishi, naye hupokea barua ya wito ambayo anaweza kuifungua na kukuta jina la nchi ambayo hajui hata ilipo. Akishafika, rais wa misheni, yaani msimamizi wa wamisionari wa huko, ndiye anayempangia mtaa na mwenzi, yaani mmisionari mwenzake wa kukaa naye, na kila baada ya wiki sita hivi hutoka taarifa ya uhamisho ambayo yaweza kumwacha alipo au kumtaka afunge masanduku yake usiku huo huo. Wavulana hutumika miezi 24 na wasichana miezi 18, kwa hiyo katika muda huo mtu huanza upya mara kadhaa, kila mara na barabara asizozijua na mwenzi ambaye hakumchagua.

Jambo hili la mwenzi ndilo wasiolijua wengi, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko kubisha hodi kwenye milango ya watu. Kanuni zao zinawataka wawili hao wawe mahali wanapoonana na kusikiana karibu wakati wote: wanakula pamoja, wanasoma pamoja, na mmoja akitaka kwenda dukani hawezi kwenda peke yake. Asiyejua kanuni hii humwona kijana amesimama nje ya kinyozi nusu saa nzima, akadhani anamvizia mtu, kumbe anamsubiri mwenzake anyolewe.

Dhana ya ujasusi nayo ina chanzo chake. Vijana hawa huuliza majina, hukumbuka nani anakaa wapi, na mara nyingi huonekana wakiweka alama kwenye ramani ya simu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kwa kuwa wanahamishwa mara kwa mara, anayeondoka hulazimika kumwachia anayekuja kumbukumbu za watu waliokubali kutembelewa, waliokataa, na waumini wagonjwa wanaohitaji kujuliwa hali. Bila kumbukumbu hizo kila mgeni angebisha tena mlango uleule uliokwisha kumfukuza mwenzake. Zamani zilikuwa kwenye jalada la karatasi, siku hizi ziko kwenye programu ya simu.

Kwamba wote ni Wazungu wa Marekani, hilo limepitwa na wakati. Katika Afrika sehemu kubwa yao ni Waafrika, na kanisa lina vituo vya kuwaandaa Accra na Johannesburg. Tangu Juni 1978, wanaume weusi waliokuwa wakinyimwa ukuhani kwa miaka mingi waliruhusiwa kuupokea, na leo kuna hekalu Kinshasa, lililowekwa wakfu mwaka 2019. Kijana wa Lubumbashi akipangiwa Dar es Salaam anaeleweka vizuri, ila akisema "batu" badala ya "watu" watoto wa mtaa humfuata nyuma wakimwigiza mpaka jioni. La kuchekesha zaidi ni cheo chake. Kwa Kiswahili cha kanisa hilo, mmisionari wa kiume huitwa "Mzee", kwa kuwa ndiyo ofisi yake katika ukuhani, na wavulana wanaruhusiwa kuanza wakiwa na umri wa miaka 18. Hebu fikiria babu wa miaka 70 akitambulishwa kwa mtu kama huyo.

Kuhusu wake wengi, kanisa lilitangaza kuacha ndoa hizo mwaka 1890, na mmisionari mwenyewe haruhusiwi hata kuwa na mchumba wa kutembea naye. Simu za nyumbani, ambazo zamani zilikuwa mara mbili kwa mwaka, tangu Februari 2019 zinaruhusiwa kila wiki katika siku ya maandalizi, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu. Siku hiyo hiyo ndiyo ya kufua, kununua mahitaji na kupiga brashi viatu vilivyojaa vumbi.

Ratiba yenyewe haina miujiza. Kwa kawaida huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hufanya mazoezi, husoma maandiko na lugha, hutoka kwenda kuwatembelea watu, na kuzima taa saa nne na nusu usiku, ingawa tangu 2017 mpangilio wa saa umelegezwa ufuate mazingira ya mahali. Katikati ya siku huwa kuna kutembea kwingi, ahadi zinazovunjwa, na kazi za mikono, kwa kuwa kusaidia watu bila malipo ni sehemu ya utumishi wao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hawa hulishika kweli shambani kwa mtu.

Panapotokea utata wa kweli ni kwenye chai. Kanuni yao ya afya, Neno la Hekima, ya mwaka 1833, inakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai itokanayo na mmea wa chai, na katika nyumba zetu mgeni anayekataa chai huhesabiwa kuwa ana majivuno au anaogopa kurogwa. Mgeni wa wiki moja hukataa huku ameangalia sakafu. Yule aliyekaa miezi mitatu huuliza mapema, kwa adabu, kama mama ana mchaichai nyuma ya nyumba, kisha hutoka mwenyewe kwenda kuukata.