Ndege ya sola ya kukupeleka Nansio: ya kijiweni na ya kweli

Pale Kirumba mwaloni hakosekani mtu wa kusema na jua lote hili la Mwanza ungebandika tu sola kwenye mabawa ya kandege kako ukapaa zako Nansio, kule kisiwani Ukerewe, habari za kusubiri meli ziishe. Jua lipo jamani, hilo halina ubishi, shida ni bawa.

Chukua Cessna 172, kale ka watu wanne, mabawa yake yana mita za mraba kama 16 hivi, na jua la saa sita mchana likiwaka kwelikweli linashusha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ila paneli nzuri inakamata 200 na kitu tu, piga hesabu, unapata kama wati 3,200, yaani hospawa 4 na chenji. Bodaboda ya cc 125 inaizidi! Na injini ya hiyo Cessna ni hospawa 160 kwenda juu. Lile paneli kubwa la nyumbani la wati 550 nalo ni kioo na fremu, kilo 28 hivi, hapo unapandisha mzigo sio ndege.

"Mbona ya sola ilizunguka dunia?" Kweli, Solar Impulse 2, ilitoka Abu Dhabi Machi 2015 ikarudi Julai 2016. Ila lione lilivyo: mabawa mita 72, yanaipita hata Boeing 747, seli zaidi ya 17,000, halafu siti MOJA. Japani mpaka Hawaii masaa karibu 118, betri zikachemka zikaharibika, ikalala Hawaii miezi kibao. Sasa bawa la mita 72 unalipaki wapi hapa, na ule upepo wa ziwa si utalichezea kama mfuko wa rambo?

Eti kampuni za mafuta zinaficha teknolojia. Wanaficha nini wakati tangu 1981 ndege ya sola, Solar Challenger, ilishavuka toka Ufaransa mpaka Uingereza bila hata betri?

Mi naona kinachowezekana ni ndege ya betri, sola ikae juu ya bati la banda ichaji. Pipistrel Velis Electro ya watu wawili ilipata kibali Ulaya 2020, inakaa hewani dakika kama 50. Wavuvi wa dagaa wenye taa za kuchaji ndo wanavyofanya hivyohivyo, mchana taa inakula chaji nchi kavu, giza likiingia wanasogea nayo ziwani, paneli wanaiacha kwenye bati.