Raundi za mchujo Ulaya: timu iliyofuzu ambayo bado haijafuzu

Julai ikiingia, ligi kubwa zimefungwa na wachezaji wako ufukweni, mkeka wa mtu wa kubeti hujaa majina yanayokwama ulimini: Shkëndija, Olimpija, KuPS, Lincoln Red Imps. Mwaka fulani jamaa mmoja pale kibandani alinisogezea simu yake akaniuliza, "Kaka, hii Ligi ya Mabingwa gani tena? Mbona Real haimo?" Nikamwambia ni ileile, ila yeye ameingilia mlango wa uani.

Raundi za mchujo ni mechi za mtoano zinazochezwa kuanzia mwanzoni mwa Julai hadi mwishoni mwa Agosti, ili kupata timu za kujaza viti vilivyobaki kabla mashindano yenyewe hayajaanza Septemba. Tangu msimu wa 2024/25 hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa, yaani ile iliyochukua nafasi ya makundi, ina timu 36. Kati ya hizo, 29 zina viti vyao tangu msimu uliopita ulipofungwa. Zilizobaki ni saba tu, na saba hizo ndizo zinazogombewa na makumi ya klabu kwa wiki nane za kiangazi.

Kinachowachanganya wengi ni neno lenyewe, "kufuzu". Mwezi Mei mtangazaji anasema timu fulani imefuzu Ligi ya Mabingwa, na mashabiki wake wanaingia barabarani kushangilia. Pengine ni kweli imefuzu, lakini imefuzu kucheza mchujo. Agosti ikitolewa, ule wimbo wa mashindano itausikia kwenye televisheni kama sisi. Kwa hiyo ukisikia timu imefuzu, uliza kwanza imefuzu kuanzia wapi.

Waulize Everton. Mwaka 2005 walimaliza nafasi ya nne England, juu ya Liverpool, mahasimu wao wa mji mmoja. Enzi hizo nafasi ya nne iliwapeleka kwenye raundi ya tatu ya mchujo, na droo ikawapa Villarreal ya Hispania. Wakafungwa 2-1 nyumbani Goodison Park, wakafungwa 2-1 tena kule Hispania, katika mechi ambayo mwamuzi Pierluigi Collina alilikataa bao la kichwa la Duncan Ferguson. Mpaka leo watu wa Everton wakilikumbuka bao lile hawamalizi chai yao. Villarreal ilikwenda hadi nusu fainali. Everton haijawahi kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wala hii ya ligi iliyochukua nafasi yake.

Na upande wa pili wa mji kulikuwa na kichekesho chake. Liverpool ndio waliokuwa wametwaa kombe lenyewe Istanbul, Mei 25, lakini kwenye ligi walimaliza wa tano, na kanuni za wakati ule hazikumhakikishia bingwa mtetezi nafasi. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikakuna kichwa, ikaamua kuwaingiza, lakini kuanzia raundi ya kwanza kabisa ya mchujo. Siku 49 baada ya kulinyanyua kombe, mabingwa wa Ulaya walikuwa Anfield wakicheza na TNS ya Wales. Steven Gerrard alifunga mabao yote matatu. Wakapita kwa Kaunas ya Lithuania, wakapita kwa CSKA Sofia ya Bulgaria, ndipo wakaingia makundini. Siku hizi bingwa mtetezi ana kiti chake, hapangi foleni.

Nani anapanga foleni, basi? Hapo linaingia suala la pointi za nchi. UEFA huzijumlisha pointi ambazo klabu za kila nchi zimevuna Ulaya kwa misimu mitano, kisha nchi zinapangwa kutoka juu hadi chini. Mabingwa wa nchi kumi za juu huingia moja kwa moja. England na Hispania wanaingiza timu nne au zaidi bila kutoa jasho la Julai. Ukiwa bingwa wa nchi za mkiani, Gibraltar kwa mfano, unaanzia raundi ya kwanza, na mbele yako kuna vikwazo vinne: raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ile ya mwisho ambayo watangazaji wanaiita plei-ofu.

Zamani wote walitupwa kwenye chungu kimoja, hivyo bingwa wa nchi ndogo aliyepambana tangu Julai aliweza kukutana mlangoni na timu ya nne ya England au ya Hispania na safari ikaishia hapo. Kuanzia msimu wa 2009/10, wakati Michel Platini ni rais wa UEFA, mchujo uligawanywa njia mbili. Njia ya Mabingwa ni ya waliotwaa ubingwa kwao, wanachujana wenyewe kwa wenyewe. Njia ya Ligi ni ya walioshika nafasi ya pili, ya tatu au ya nne, nao wana foleni yao. Kwa sasa njia ya kwanza inatoa timu tano, ya pili inatoa mbili.

Wapo wanaonung'unika kwamba mgawanyo huu unazibeba timu dhaifu. Mimi siko upande wao. Mashindano yanaitwa ya mabingwa, na bila mlango huu bingwa wa Kazakhstan angebaki kuyaangalia kwa dirishani.

Tena huyo wa Kazakhstan ndiye mfano wangu ninaoupenda. Kairat ya Almaty ilianza raundi ya kwanza mwaka 2025. Ikaitoa Olimpija ya Slovenia. Ikaenda Finland kucheza na KuPS, ikapigwa 2-0, ikarudi nyumbani ikashinda 3-0. Ikaja Slovan Bratislava, kila mmoja akashinda 1-0 kwake, ikaamuliwa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, Kairat ikapita. Kwenye plei-ofu wakapangiwa Celtic ya Scotland. Glasgow, 0-0. Almaty, dakika 90, 0-0. Muda wa nyongeza, bado 0-0. Kwenye matuta kipa Temirlan Anarbekov, kijana wa miaka 21, akapangua mikwaju mitatu: wa Adam Idah, wa Luke McCowan na wa Daizen Maeda. Kairat wakashinda 3-2. Waliokuwa wameiwekea Celtic ushindi kwenye mkeka, mikeka ilichanika mara mbili ndani ya wiki moja. Mwezi uliofuata Real Madrid walilazimika kuruka zaidi ya kilomita 6,000 kwenda Almaty. Walishinda 5-0, hilo halikumshangaza mtu, lakini walikwenda.

Utaratibu wa mechi zenyewe hauna maajabu. Ni mikondo miwili, nyumbani na ugenini, mabao yanajumlishwa. Kukiwa sare ni dakika 30 za nyongeza, kisha matuta. Ile hesabu ya bao la ugenini, iliyompitisha mwenye mabao mengi zaidi ya ugenini jumla ikiwa sare, iliondolewa kuanzia msimu wa 2021/22, ingawa bado kuna wazee wa kibandani wanaoipiga kwa vidole. Jambo moja linalosumbua ni droo: mara nyingi hupangwa kabla raundi iliyotangulia haijaisha, ndiyo maana ratiba huandikwa "mshindi wa mechi fulani" badala ya jina la timu.

Tofauti kubwa na raundi ya awali wanayoijua mashabiki wa Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF ni kwamba Ulaya anayeanguka hudakwa na wavu. Bingwa akitolewa raundi ya kwanza anahamia mchujo wa Conference League, mashindano ya ngazi ya tatu Ulaya. Akitolewa raundi ya pili au ya tatu anahamia mchujo wa Europa League, ile ya ngazi ya pili. Akitolewa plei-ofu anaingia moja kwa moja hatua ya ligi ya Europa League, kama Celtic walivyofanya baada ya Almaty. Conference League yenyewe haina aliyewekewa kiti. Kila timu hufika pale kwa kupita mchujo wake au kwa kudondoka kutoka juu. Chelsea, pamoja na fedha zake zote, ilibidi iitoe Servette ya Uswisi Agosti 2024 kwa jumla ya 3-2, ndipo safari ya kutwaa kombe lile ikaanza.

Lakini wavu haufuti maumivu, kwa sababu ya fedha. Kuingia tu hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa kunalipa euro milioni 18.62 kabla hujagusa mpira. Anayefungwa plei-ofu anapewa milioni 4.29. Kwa klabu ya Norway au Kazakhstan, tofauti hiyo inabadilisha bajeti ya miaka. Ndiyo maana makocha huondoka kwa sababu ya mechi za Agosti. José Mourinho alifukuzwa Fenerbahçe siku chache tu baada ya Benfica kuwatoa kwenye plei-ofu ya 2025, kwa bao la Kerem Aktürkoğlu. Haikupita muda Aktürkoğlu akasajiliwa na Fenerbahçe, naye Mourinho akaenda kuifundisha Benfica. Ukiiandika kama hadithi, watu watasema umetia chumvi.

Na kuna wanaotolewa na karatasi. Legia Warsaw mwaka 2014 waliifunga Celtic 4-1, tena wakiwa wamekosa penalti mbili, kisha wakaifunga 2-0 Edinburgh. Dakika za mwisho za mechi ya pili waliingiza mchezaji wa akiba, Bartosz Bereszyński. Alikuwa na adhabu ya mechi tatu, na kweli alikuwa amekaa nje mechi tatu. Tatizo ni kwamba katika raundi iliyotangulia klabu haikumwandika kwenye orodha ya wachezaji waliosajiliwa, hivyo mbili kati ya zile hazikuhesabiwa kama ametumikia adhabu. UEFA ikawapa Celtic ushindi wa 3-0, jumla ikawa 4-4, na bao la ugenini likaipitisha timu iliyokuwa imepigwa sita. Raundi iliyofuata Celtic hao hao wakatolewa na Maribor.

Afrika Mashariki nayo ina mtu wake kwenye mlango huu wa uani. Bao la kichwa la Victor Wanyama dhidi ya Barcelona, Novemba 7, 2012, Celtic ikishinda 2-1, lilianzia kwenye mechi ambazo hakuna anayezikumbuka: HJK Helsinki kwenye raundi ya tatu, Helsingborg ya Sweden kwenye plei-ofu. Mbwana Samatta aliupita mlango huohuo upande wa Europa League, Agosti 2018, alipofunga mabao matatu Genk ikiilaza Brøndby 5-2. Mwaka uliofuata Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji. Safari hii waliingilia mlango wa mbele, na Agosti yote Samatta hakuwa na mchujo wowote wa kucheza.